Kaneng Anatafutiwa Baba wa Ekiti

Jumatatu, 9 Septemba
Wiki ya kwanza jimboni Ekiti, kusini mwa Nigeria. Hongera kwangu! Nimerudi kwetu kumtunza Baba, nikamng'oa binti yangu Kaneng kutoka Jos, kule kaskazini, akiwa amebakiza mwaka mmoja tu amalize sekondari. Akili nyingi hizo! Shule mpya haina Kihausa, somo lake la A. Lugha ni Kiyoruba basi. Wamemkalisha na watoto wa kidato cha kwanza aimbe nao alfabeti — miaka kumi na saba, magoti yanagonga dawati.

Kaneng kanishukuru. Eti siku zote alitamani kurudi utotoni.

Alhamisi, 19 Septemba
Chuo kikuu cha jimbo kinataka cheti cha asili. Mwenye asili ya hapa analipa nusu ya karo, mgeni analipa yote. Nikamwambia Kaneng asihofu. Mimi mama yake nimezaliwa hospitali ile pale barabarani, na babu yangu kazikwa nyuma ya jiko letu. Wanataka asili gani zaidi ya hiyo?

Ijumaa, 11 Oktoba
Ya baba. Ndiyo wanayoitaka.

Bwana Alonge wa halmashauri kanieleza kwa upole, huku anatafuna karanga: mtoto ni wa ukoo wa baba, na mume wangu Davou alikuwa Mberom, kabila la kule Jos. Basi binti akalipe nusu hukohuko. Nikasema Davou ni marehemu, mwaka wa pili sasa. Akanipa pole. Pole nzuri kabisa, ila haina muhuri.

Kwa mshahara wangu wa unesi, karo nzima maana yake Kaneng akae nyumbani. Nilikuwa nimeshafika mlangoni Bwana Alonge akaniita.

"Mama, baba yako mzee si yupo? Aape kwamba binti ni kitindamimba wake. Mbona watu wanafanya kila siku!"

Jumamosi, 12 Oktoba
Baba ana miaka themanini na moja. Nilidhani atanifukuza na fimbo. Kafurahi! Kauliza kama mama wa mtoto atatajwa, maana angependa awe kijana kidogo.

Kaneng hakucheka.

"Kwa hiyo mimi na wewe ni ndugu. Na baba yangu je?"

Nikasema hiyo ni karatasi tu. Akasema hata cheti cha kifo cha baba ni karatasi tu. Akaingia chumbani.

Jumapili, 13 Oktoba
Tumetoka kanisani, tukafanya mazoezi ya kudanganya. Jina? Kaneng Falodun. Baba? Mzee Falodun. Kajibu vizuri, macho ukutani. Nimejichukia. Nikampakulia nyama mbili, hakuzigusa.

Jumatatu, 14 Oktoba
Naandika nikiwa kwenye benchi la halmashauri. Baba na Kaneng wako ndani. Nami nilitaka kuingia, Bwana Alonge — huyuhuyu aliyetutungia uongo! — kanizuia mlangoni.

"Dada mtu wa nini humu? Baba yake yupo, anatosha."

Mlango haufungi vizuri. Baba ameshaapa, sauti kama mchungaji. Sasa ni zamu ya Kaneng. Jina la baba mzazi?

Nasikia kiti chake kinasogea.

Anaulizwa tena. "Binti, baba yako anaitwa nani?" Baba anakohoa. Jibu analijua, tumelirudia jana mpaka nikachoka mimi. Na Mungu anisamehe, nimekaa hapa naomba aseme Davou.