Peugeot ya Papa Yashuka Mteremko

Kalemie, tarehe 9 Julai 1990

Mpendwa yaya Basile, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya Lubumbashi haijakushika kifua, na kwamba wifi Noëlla na watoto wanaamka vema. Sisi tu wazima. Mama analalamikia magoti, lakini shamba haliachi.

Sasa kaa chini, maana habari hii imenishinda kuificha. Peugeot ya Papa inatembea, tena inageuka na inasimama.

Unakumbuka ilivyolala nyuma ya jiko tangu siku ile freni zilipokatika mteremkoni, ikakataa kusimama, Papa akaiingiza kwenye lundo la mchanga ili asigonge watu waliotoka misa. Mama aliapa hatapanda tena. Mwezi uliopita akaja mvuvi mmoja, Papa Urbain, akitaka kununua injini ya gari hiyo aifunge kwenye mtumbwi wake. Mama akakubali palepale. Papa akaomba apewe mpaka Jumamosi ya kwanza ya Julai. Akishindwa kuitengeneza gari, Papa Urbain aichukue injini.

Basi nimekuwa fundi, yaya. Jirani yetu Mama Louise, anayefanya biashara na Kigoma, alituletea vipira vya freni, mafuta yake, na viungo vipya vya usukani. Vile vya zamani vilikuwa vimelika: unazungusha usukani, magurudumu hayana habari. Papa alilala chini ya gari akigonga, mimi nikimpa funguo za kufungulia nati. Hata kanisani nilinuka grisi.

Kilichotutesa ni kutoa hewa kwenye freni. Mimi kitini, Papa chini kwenye gurudumu. "Kanyaga. Shikilia. Achia." Pedali ikazama kama mguu ndani ya tope. Tukarudia mpaka paja likaniuma, na bado ikazama. Papa akaweka ufunguo chini, nikajua anaiona injini yake ikienda ziwani. Niliposhuka kujinyoosha, nikaona udongo umelowa karibu na gurudumu la nyuma. Kabomba kadogo ka mafuta ya freni kalikuwa na ufa. Tukakabadilisha, tukaanza upya, na safari hii pedali ikagoma chini ya mguu wangu, ngumu kama jiwe. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Jumamosi tukaipandisha juu ya mteremko uleule. Papa Urbain alikuwa amekuja na watu wa kubeba injini. Mama alisimama chini kando ya njia, mikono kichwani.

"Pélagie, shuka, ubaki hapa," Papa akaniambia.

"Papa, hizi freni njo mimi nilizikanyaga, si mwingine. Sishuki."

Akaniangalia, akaachia gari.

Katikati akakata kushoto kukwepa shimo, magurudumu yakatii. Mwendo ukazidi. Karibu na Mama akakanyaga freni, tukasimama, vumbi likatupita.

Papa Urbain akainama kutazama magurudumu, kisha akampa Papa mkono. "Hii haifai kuchinjwa," akasema, akaondoka na watu wake.

Mama akashusha mikono kichwani. Akazunguka gari lote, akafungua mlango wa nyuma, akaingia na kikapu chake.

"Édouard, unipeleke ku soko. Lakini polepole."

Ungemwona Papa, yaya. Alisahau kufunga mlango wake.

Msalimie sana wifi, na Tante Anne-Marie ukimwona. Mama Louise naye anawasalimu. Mungu awalinde mchana na usiku. Ukija likizo, usitafute muntu wa kukubebea mizigo. Tutakuwa steshoni kabla ya treni.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana,
Pélagie