Kopo yenye sikupokea

Mujukuu wangu Didier,

Jambo sana. Huku tuko bazima. Dada yako amezaa mutoto mwanamuke. Mimi, goti tu ndiyo inanisumbua. Unauliza namna gani muntu anajua kama iko tayari kuoa, wewe mwenye kupenda muziki kupita kila kitu. Umenifuata mimi, na hiyo inanipa haya.

Wakati wa Babelgiji nilichumbia binti wa mutaa ya Kamalondo, Marceline. Siku nilipeleka bazee kwabo, alipaswa kuniletea kopo ya munkoyo, ile kinywaji yetu ya mahindi, mbele ya bantu bote, ndiyo ilikuwa jibu yake ya kunikubali. Lakini kwa jirani disiki mupya ilianza kulia. Nikatoka, nisikie wimbo mumoja tu. Nilisikia tatu.

Niliporudi, Marceline alikuwa angali amesimama mbele ya kiti yangu, kopo mu mikono. Bazee banaangalia chini.

“Disiki unaweza kuirudisha mwanzo, Albert,” akasema polepole. “Mimi hapana.”

Akaikunywa yeye mwenyewe.

Sikuelezea muntu hii mambo, hata baba yako.

Siku nilienda kuchumbia nkambo yako mwanamuke kwabo, muziki ilikuwa inalia karibu na mulango. Ukiniuliza ilikuwa wimbo gani, sijue.

Nkambo yako,
Albert