Ng'ombe wa Mama Masanja

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki.

Mke wangu mpenzi Bi. Zainabu, amani na rehema zake zikushukie.

Hapa Kishapu jua ni kali, lakini watu ni wakarimu. Jana nilifuatana na mpwa wangu Idrisa, anayetafiti kwa nini wakulima hawapati mikopo. Tulimkuta Mama Masanja, mjane aombaye plau ya mkopo kabla ya mvua.

Idrisa akamwuliza, "Mama, hapa kwako una ng'ombe wangapi?"

"Hapa sina hata mmoja, baba."

Idrisa akaandika kwamba hana dhamana. Nami nimeshika kibuyu cha mgando alichotukaribishia mama yule, nikamwuliza, "Mwanangu, maziwa haya yametoka wapi?"

Mama Masanja akacheka hadi akashika ubavu. "Ya ng'ombe wangu, mzee! Wako kwa shemeji yangu kule Songwa, wengine kwa ndugu zangu. Ukiwaweka wote zizi moja, ugonjwa ukiingia unakumaliza. Huyu msomi wako kauliza wa hapa tu!"

Idrisa aliufuta mstari ule, akaandika upya, akamsomea mama yule. Kisha akainamisha kichwa. "Mjomba, vijiji vitatu nimeuliza hivyo hivyo."

Nikamwambia, "Basi tutavirudia vyote, kwani ulichokiandika ni ushahidi juu ya waja wa Mungu."

Kwa hiyo nitachelewa kurudi, uniwie radhi.

Mola akulinde wewe na wote waliomo nyumbani, na chungu chenu kisikose baraka.

Mumeo,
Mwalimu Salum