Yuniti ya Nane

Jumatatu, 16 Septemba 1996
Foleni ya usajili chuoni tangu saa moja. Nimejaza yuniti nane, masomo manane ya muhula mmoja. Karani, Mama Akinyi, amezihesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia.
"Mwisho ni saba. Ya nane mpaka mkuu wa kitivo atie sahihi."
Nikamwambia lazima nimalize Desemba. Akasema kila mtu ana lazima yake. Amenipa fomu ya kuomba.

Jumatano, 18 Septemba
Nafasi ya sababu ni mstari mmoja. Nitaeleza vipi? Kwamba nilipomzaa Kibet mwaka wa pili nilikosa mtihani wa takwimu, na yuniti hiyo, ndiyo ya nane, imening'ang'ania kama kupe. Kwamba mtoto yuko kijijini Kiptere kwa mama mkwe tangu alipoacha kunyonya. Kwamba nimeahidi Krismasi hii narudi nyumbani kabisa.
Nimeandika: sababu za kifamilia.

Ijumaa, 11 Oktoba
Fomu haijarudi. Nahudhuria madarasa yote manane. Kwenye orodha ya takwimu jina langu halimo, nimeliongeza chini kwa kalamu. Mwalimu hajauliza.
Sina nafasi ya kufua. Nakula nikisimama.

Jumapili, 13 Oktoba
Kiptere. Kibet aliponiona alijificha nyuma ya sketi ya nyanya yake. Mimi ananiita anti. Nyanya ndiye anayemwita mama.
Joseph, mume wangu, alicheka. "Atazoea ukirudi Desemba."
Sikumwambia habari ya fomu. Nilichukua kikapu nikaingia kwenye shamba la chai, mvua ikinyesha. Nililia huko. Namwonea wivu mama mkwe anayenilelea mwanangu. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 7 Novemba
Imekataliwa.
Yuniti nane ni kwa wenye wastani wa B. Mimi nina C, na C hiyo niliipata mwaka wa mimba. Nilimwona mkuu wa kitivo, dakika mbili tu. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniudhi.
"Hii kanuni inakulinda usilemewe," alisema.
Nimelemewa tayari. Nilishukuru, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwenye darasa la takwimu. Sijui kwa nini. Labda sina mahali pengine pa kwenda.

Jumapili, 24 Novemba
Barua ya Joseph. Mama mkwe ameanza kuhesabu wiki. Magoti yanamsumbua, kumbeba Kibet hadi kituo cha kuuzia chai hawezi tena. Ameuliza kama atachinja kuku au mbuzi nikimaliza.
Nimeisoma mara nne. Sijajibu.

Jumatano, 4 Desemba
Mtihani wa takwimu. Nilienda. Nilikaa safu ya nyuma, nikageuza karatasi. Swali la kwanza nalijua. La pili pia.
Msimamizi alipita na orodha. Akauliza jina langu, akatafuta, akatafuta tena. "Dada, tafadhali toka nje."
Wote waliinamisha vichwa kama hawaoni. Nilitoka na kalamu mkononi.

Ijumaa, 6 Desemba
Mama Akinyi anasema naweza kusoma takwimu Januari, hiyo moja tu. Lakini mwenye yuniti moja hahesabiwi mwanafunzi kamili. Hosteli hapewi kitanda.
Nane ni nyingi mno. Moja ni kidogo mno. Nilicheka mpaka watu wakageuka.
"Tafuta chumba huko nje ya geti," akasema kwa upole. "Wengi wanafanya hivyo."

Jumapili, 8 Desemba
Kiptere. Nimewaambia kwamba sijamaliza. Joseph alitoka kwenda kwa ng'ombe ingawa walikuwa wamekamuliwa.
Mama mkwe akauliza, "Hiyo hosteli inakataza watoto, si ndiyo?"
"Ndiyo, mama."
"Na chumba cha nje?"
"Hakuna wa kukataza."
"Basi enda naye."
Nikasema hanijui. Akasema, "Ndiyo maana."
Akanipa mgongo, akaanza kupanga kuni ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Alipanga muda mrefu sana. Sikuthubutu kumshika bega.

Jumanne, 14 Januari 1997
Chumba nyuma ya kinu cha mahindi. Mke wa mwenye nyumba anakaa na Kibet nikiwa darasani. Siku nne mfululizo mtoto analia akiita mama, akiangalia mlango. Mimi nipo hapo mbele yake.
Jana nilitaka kumrudisha. Nilifunga hata nguo zake.

Jumapili, 26 Januari
Mvua tangu asubuhi. Kinu kimefungwa, kumetulia. Kibet alikula ugali na maziwa, akalala.
Alipoamka mchana aliangalia huku na huku. Hakuita mtu. Alinyoosha mikono tu, nikamwinua. Ni mzito kuliko nilivyodhani.