Gauni Lako Silikati Bado

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu Kipusa,

Hujambo, mwanangu? Umeamka salama, baridi ya huko haijakuonea? Sisi huku tu wazima. Baba yako mgongo unamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa. Kila asubuhi anagombana na redio.

Kitambaa cha gauni lako la harusi kimefika. Cheupe, laini, kinateleza mkononi. Nilikitandaza mezani, nikamfukuza paka, nikashika chaki. Halafu nikaiweka chini.

Ni ile picha uliyotuma, umevaa gauni la buluu nililokushonea uliposafiri. Mama yako kaionyesha kwa majirani wote: "Kipusa kapungua, kapendeza!" Mimi nilitazama mabega. Gauni lile lilikukaa barabara, kiunoni nililibana mwenyewe. Sasa linaning'inia. Mtu hapungui upesi hivyo kwa kuacha soda.

Nikakumbuka ulivyonililia kwenye simu. Hedhi imepotea miezi kadhaa, ndevu zinaota kidevuni, na daktari kasema ovari zako zina vifuko vidogo vidogo na zinatoa homoni za kiume kupita kiasi. Ukaongeza kwamba kwa maneno ya daktari, hata insulini ya kisukari unayojichoma tangu utotoni huenda inazichochea. Nami nikaogopa kuuliza. Sasa nauliza: unaruka sindano, mwanangu?

Usinipige chenga. Mchumba wako mwalimu naye alinipigia juzi, anashangaa mbona unachoka ovyo na unakunywa maji kutwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa.

Basi nesi wa kliniki ya sukari alipokuja kuchukua sare zake, nilimweleza habari ya "binti mmoja" bila kutaja jina. Akavuta kiti.

"Daktari wake hakukosea, shangazi," akasema. "Insulini inaweza kuchangia. Ila huyo mwili wake hautengenezi ya kwake. Akiipunguza kisirisiri haponi, damu inageuka sumu. Arudi kwa daktari aseme ukweli, dozi ipangwe vizuri. Hayo ya ovari yana dawa zake. Na akianza kutapika au kuhema kwa shida, aende hospitali papo hapo."

Nikamuuliza na la watoto, maana najua ndilo linalokukosesha raha. Akasema wapo wengi wenye yote mawili na wamezaa, muhimu sukari itulie kabla ya mimba. Nilishusha pumzi ndefu hata nikasahau kumpa vifungo vyake vya akiba.

Ndevu tusizifanyie msiba. Hata mimi ninazo, nazing'oa kwenye kioo cha wateja wakishaondoka. Na mwalimu wako kama alichumbia kidevu, aseme mapema tumtafutie kingine! Lakini sidhani. Mweleze yote, usibebe mzigo huu peke yako.

Gauni nitalikata mwili wako ukirudi. Uje mnene, uje na tumbo, kupanua nguo ndiyo kazi yangu. Lakini sanda sitakushonea, Kipusa. Nakupenda mno, na mikono hii haitakubali.

Ningeweza kupiga simu, ila nakujua, ungecheka ukabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo nampa barua hii muuza vitambaa, anasafiri kuja huko leo.

Baba yako, mama yako na babu Kipara wanakusalimu sana. Sijawaambia kitu, hilo ni lako kusema. Nisalimie mwalimu. Mungu akushike mkono pale mimi nisipofika.

Ukisoma hadi hapa, weka barua chini. Pima sukari, uchome dozi yako kama ulivyoandikiwa. Ukishamaliza, nikasirikie utakavyo. Nitafurahi, maana nitajua upo.

Mimi nikupendaye bila kipimo,
Shangazi yako fundi