Kanda ya Wajenzi wa Daraja

Chumba cha Kanda,
Ghorofa ya Chini,
14 Juni.

Mpendwa Dada,

Salamu kwako na kwa Shemeji. Mgongo wako umepata nafuu? Na Mama, macho yake yanaendeleaje? Mimi ni mzima, ila mabega yanauma kwa kubeba maboksi.

Kazi bado ni ile ile. Kanda za redio za zamani, zile kubwa za magurudumu, zaidi ya elfu sita, tunaziingiza kwenye kompyuta moja moja. Zilizoshikana kwa unyevu tunazipasha moto kwenye oveni kutwa nzima, halafu zinachezwa mara moja tu. Zikishapita kwenye mashine, ule unga wa kahawia unaobeba sauti unapukutika. Kwa hiyo unabonyeza kwanza kitufe cha kurekodi, ndipo unawasha mashine. Hata mimi niliyeishia darasa la tano nalijua hilo.

Dada, ile kanda Mama aliyoisema miaka yote, ya Baba kuhojiwa redioni, kweli ilikuwepo. Niliipata Jumanne. Kwenye boksi pameandikwa "Wajenzi wa daraja". Niliipasha moto mwenyewe. Nilipoiweka, mikono yote miwili ikaenda kwenye hedifoni. Kitufe sikukibonyeza.

Baba alizungumza kama dakika mbili. Kisha fundi wetu, tunayemwita Masikio, akasimama nyuma yangu.

"Mzee, mbona kompyuta yako imelala? Unafanya kazi au unasikiliza redio?"

"Namsikiliza baba yangu."

Akaacha utani. Akajaribu kuirudisha kanda, ikatoa mkwaruzo mtupu, kama mchanga kwenye sufuria. "Imekwenda hiyo, ndugu yangu. Pole."

Sikulia. Nilifuta unga kwenye mashine kwa kitambaa, nikaweka kanda nyingine, habari za bei ya mbolea. Tangu siku hiyo nakula, nalala, naamka. Basi.

Niliyoyashika ni haya. Mtangazaji alimuuliza kama hachoki kubeba mawe. Baba akajibu, "Nachoka, lakini mawe hayana habari." Wenzake wakacheka. Akasema ana mke na binti mmoja, na huyo binti ana kelele kushinda mashine ya zege. Ndiye wewe. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Alikuwa kijana, Dada, sauti nyembamba. Mdogo kuliko mimi wa leo.

Kwa simu nisingeweza kuyasema haya. Najua Mama anakuuliza kila siku kama nimetuma kitu. Nilitaka kukuomba umwambie kanda haikupatikana, nikashindwa. Mwambie imepatikana, na mimi ndiye niliyeipoteza.

Nisalimie Shemeji, Mama Mdogo na yule Kifupi wetu. Mungu awafunike wote.

Maneno ya Baba msomee Mama polepole, kwa sauti yako mwenyewe. Usimuigize.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinyamaza.