Thomu Nisiyoila

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Zuhura, dada yangu, kabla hujaanza kumsomea mama, kaa naye karibu na usome yote kama nilivyoyaandika. Nakujua wewe, ukikuta neno la aibu hulimeza. Humu limo, na usilimeze.

Mama, goti vipi? Na kile kifua kimepoa? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu, inakufuata mpaka ndani ya soksi. Ile sweta uliyonifumia siivui. Wenzangu wananicheka kwa kuwa mkono mmoja ni mrefu kuliko mwengine. Nawaambia nyinyi chekeni, mama aliufuma huku macho yamemchoka, nami naupenda huo huo mrefu.

Barua yako ilinipa habari za mtaa wetu mzima wa Malindi, nani kaoa na nani kagombana, kisha mwisho kabisa ukatia swali moja: "Mwanangu, unasali?" Nimelisoma sijui mara ngapi. Najua limetoka wapi. Yule baharia, mtoto wa jirani yetu, meli yao ilitia nanga hapa, akasali Ijumaa mbili msikitini asinione. Bila shaka alipofika nyumbani alisema mwanao kaupa mgongo msikiti. Sina hasira naye. Ila ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Hapa chuoni kazi yangu ni katika maabara. Kuna madini yanaitwa teluri. Tunayayeyusha majini mpaka hayaonekani tena, kama chumvi katika mchuzi, huioni lakini imo. Kisha natia waya humo na kupitisha umeme kidogo kidogo, na yale madini yanatoka majini, yanagandia kwenye waya, meusi. Mwalimu wangu anataka kujua yanahitaji umeme kiasi gani hasa. Siku ya kwanza nilipouona ule weusi unajitokeza kutoka kwenye maji meupe pe, nilitamani ungekuwepo uone mwanao anafanya nini Ulaya. Kazi yenyewe inataka subira kama kupika halua. Ukizidisha umeme kwa pupa, teluri haiishii kuwa madini; inapitiliza na kugeuka hewa mbaya.

Siku moja nikazidisha. Nilikuwa na haraka, na chombo sikukifunika. Ile hewa ikanipata. Usishtuke mama, sikuumwa hata kichwa. Lakini teluri ikishaingia mwilini hutoka kwa pumzi, na harufu yake ni ya thomu. Tena si thomu ya kwenye mchuzi, ni thomu mbichi iliyotwangwa ikalala. Nilipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu. Karafuu ulizonifungia nilizitafuna zote, wapi! Mwalimu akaniambia nivumilie, harufu itadumu wiki nyingi. Mama mwenye nyumba ninayokaa, mwanamke mwema lakini mwenye pua kali, alikuja kupekua kabati langu akitafuta thomu. Hakukuta hata ganda. Tangu siku hiyo akawa ananiwekea sahani mwisho wa meza, karibu na dirisha.

Hayo yote niliyacheka. Ijumaa sikucheka. Msikiti wetu ni nyumba ya kawaida tu, iliyogeuzwa msikiti na mabaharia wa Kiyemeni. Safuni nikaangukia ubavuni kwa mzee mmoja wa Kibarawa, mtia makaa wa meli, Kiswahili anakijua vizuri. Kabla ya sala kukimiwa akanigeukia.

"Kijana, umekula thomu weye?"

"Sijala, wallahi."

"Unaapa, na kinywa chako ndicho kinachokusuta! Kwenu hawakukufunza kuwa mla thomu haji msikitini?"

Watu wakageuka. Mama, nilifunzwa, na wewe ndiye uliyekuwa ukininusa kinywa mlangoni kila Ijumaa kabla sijatoka. Lakini habari za teluri ningezianzia wapi, watu wameshasimama safu? Nikachukua viatu vyangu nikatoka. Njiani nililia. Si kwa kusemwa, ila kwa kuonekana mwongo mbele ya watu wanaosali, na jina la Mungu nimelitaja.

Ningeweza kuishia hapa, nawe ungesema mwanangu hana kosa. Zuhura, endelea kusoma.

Harufu ilikwisha zamani. Ni miezi miwili sasa tangu mwenye nyumba anirejeshe katikati ya meza, na msikitini sijarudi. Mwanzo nilisali chumbani vipindi vyote vitano. Kisha alfajiri ikaanza kunipita kwa baridi, na adhuhuri kwa kazi. Mpaka siku moja nikatanabahi kuwa wiki nzima sikutandika mswala, na roho haikunisuta. Hapo niliogopa kweli. Thomu ilikuwa udhuru wangu, mama, nami nikaupenda udhuru. Yule baharia hakukudanganya.

Huku hakuna anayenichunga, na ningekuficha usingejua. Lakini hukunigomba, hukunilaani, umeniuliza kwa upole kama mtu anayeuliza nimekula au sijala. Nimeshindwa kukujibu nusu.

Nisalimie shangazi wa Kiembe Samaki, mwambie namkumbuka kila nikila mkate wa huku usio na ladha. Na mjomba, hamali wetu wa gatini, aache kubeba magunia mawili mawili, hana mgongo wa akiba. Na mama mkubwa wa Mtoni, ambaye najua keshazipata habari hizi kabla yako.

Leo ni Alkhamisi. Kesho nitakwenda mapema nikae safu ya mbele, na yule mzee wa Kibarawa nikimkuta nitamweleza, asiposadiki aninuse mwenyewe. Bahasha nimeshaiandika anuani lakini sijaifunga. Nitaitia posta nikishatoka msikitini, na nisipoingia sitaituma. Kwa hivyo, mama, kama Zuhura anakusomea maneno haya, mwanao amesali.

Nakupenda, na radhi zako ndizo ninazoziomba.

Mwanao,
Suleiman